Je, Wajua? Ndege Ikitoka Kigoma Kwenda Kalemie, Saa Hurudi Nyuma

Kalemie na Kigoma ni miji miwili inayotazamana bila kuonana. Kigoma iko ukingo wa mashariki wa Ziwa Tanganyika, Kalemie ukingo wa magharibi, kusini zaidi. Samaki wao ni wale wale: mgebuka wa Kigoma akifika Kalemie anaitwa mikebuka, na dagaa akishavuka maji anageuka ndagala. Lugha yao ni moja pia, ingawa kila upande una lafudhi yake na maneno yake ya sokoni.

Kwa ndege, kutoka kiwanja cha Kalemie hadi kiwanja cha Kigoma ni kilomita 119. Huo ni mstari ulionyooka, kama ungevuta uzi juu ya maji. Ni pungufu ya mwendo wa basi la asubuhi kwenye lami nzuri. Mtu wa Katanika, pale Kalemie, anayeinua macho kila ndege inapopita angeweza kudhani hakuna la kusimulia katika masafa mafupi namna hiyo. Mimi naona masafa haya mafupi yana mambo mengi kuliko safari nyingi za kuvuka bahari.

Je, wajua kwamba ndege ikiondoka Kigoma saa nne kamili asubuhi inaweza kutua Kalemie saa tatu na dakika 35, asubuhi ile ile? Fanya hesabu. Ndege ndogo ya aina ya Cessna Caravan huenda karibu kilomita 300 kwa saa ikishatulia angani. Kilomita 119 huzimaliza kwa dakika 24. Ongeza za kupaa, kupanda juu, kushuka na kuzunguka ili ikae sawa na njia ya kutulia, unapata kama dakika 35. Lakini Tanzania iko saa tatu mbele ya saa ya dunia ya Greenwich, na mashariki ya Kongo iko saa mbili mbele. Ukikatiza mpaka ulio katikati ya ziwa unarudishiwa saa nzima. Abiria anatua akiwa na dakika 25 za ziada ambazo Kigoma alikuwa amekwisha kuzitumia.

Akirudi, anazilipa. Ukipaa Kalemie saa nne, Kigoma unatua saa tano na dakika 35, nawe hukukaa angani zaidi ya mwenzako wa asubuhi.

Ukitaka kujua ni saa gani kati ya hizo mbili inayosema kweli, liulize jua. Saa za dunia zimegawanywa kwa mistari ya longitudo, nyuzi 15 kwa kila saa moja. Saa ya mashariki ya Kongo inafuata mstari wa nyuzi 30, na Kalemie iko kwenye nyuzi 29 na robo, karibu kabisa na mstari wake. Kwa hiyo Kalemie, saa sita mchana jua liko utosini au karibu sana na hapo. Kigoma inatumia saa ya Dar es Salaam, inayofuata mstari wa nyuzi 45, mstari unaopita mbali huko baharini, mashariki ya pwani yote ya Tanzania. Matokeo yake, Kigoma jua hufika utosini karibu na saa saba mchana, na huchomoza karibu na saa moja asubuhi badala ya saa kumi na mbili. Hesabu yetu ya Kiswahili, inayoanza kuhesabu saa jua linapochomoza, inaikaa Kalemie sawasawa kuliko inavyoikaa Kigoma. Kinshasa nayo iko sawa na jua lake: mji uko karibu na nyuzi 15, na saa yake ni moja mbele ya Greenwich.

Nimesema miji hii haionani. Sababu si ukungu peke yake. Dunia ni mviringo, na maji ya ziwa yamejikunja pamoja nayo. Katika masafa ya kilomita 119, katikati ya njia, mgongo wa maji umeinuka karibu mita 280 juu ya mstari ambao ungeunganisha miji miwili moja kwa moja. Ukiacha kupinda kidogo kwa mwanga hewani, watu wawili wanaotaka kuonana ingebidi kila mmoja apande kilima cha mita 280 kutoka usawa wa maji. Rubani hana tabu hiyo. Akiwa juu ya Kalemie, mita 1,500 kutoka kwenye maji, upeo wa macho yake ni kilomita kama 138. Siku ambayo hewa imeoshwa na mvua, pwani ya Kigoma iko ndani ya upeo huo hata kabla hajaiacha ya Kalemie.

Sasa chukua kalamu, kwa maana hili ni zuri kulifanya kwa mkono. Kiwanja cha Kalemie kiko nyuzi 5 na dakika 52 kusini ya ikweta. Kiwanja cha Goma kiko nyuzi 1 na dakika 40 kusini. Tofauti yao ni nyuzi 4 na dakika 12. Kila uzi mmoja una dakika 60, basi jumla ni dakika 252. Na marubani wana kipimo chao, maili ya baharini, kilichotokana na dakika moja ya latitudo. Ni mita 1,852. Kwa hiyo kutoka Kalemie hadi Goma ni maili za baharini 252, yaani kilomita 466 hivi. Hukuhitaji rula wala kompyuta.

Hesabu hiyo rahisi inakubali hapa kwa sababu moja ya ajabu: Goma na Kalemie ziko karibu kwenye longitudo moja, zikipishana kwa kilomita moja na ushee tu. Ndege ikitoka Kalemie na kushika kaskazini halisi, bila kupinda kushoto wala kulia, itaishia Goma. Njiani itapita karibu kabisa na Bujumbura, iliyoko kilomita 282, ambayo nayo iko kilomita chache tu pembeni ya mstari huo huo. Ziwa Tanganyika, Ziwa Kivu na miji ya kando yake vimejipanga hivyo kwa sababu bonde la ufa lenyewe limepasuka likielekea kaskazini na kusini. Watu walifuata maji, na maji yalifuata ufa.

Ukitazama kusini, jirani wa kwanza mwenye kiwanja ni Moba, kilomita kama 145. Hapo ndipo upepo unapoingia kwenye hesabu. Wakati wa kiangazi, tangu Mei hadi Septemba, Ziwa Tanganyika hupigwa na upepo mkali wa kusini-mashariki, ule ambao watu wa pwani wangeuita kusi. Tuseme siku hiyo unavuma kilomita 40 kwa saa. Ndege ya kwenda Moba inaupokea usoni: kasi yake ya 300 inabaki 260 juu ya ardhi, na njia inachukua dakika 33 na nusu. Ikirudi unaisukuma mgongoni, kasi inakuwa 340, na inatumia dakika 25 na nusu. Tofauti ya dakika nane si kubwa kwa msafiri, lakini kwa rubani ni mafuta, na mafuta ni uzito.

Uzito ndio habari yenyewe katika viwanja vidogo. Cessna Caravan hairuhusiwi kupaa na uzito unaofika tani nne, ukijumlisha ndege yenyewe, mafuta, rubani, abiria na mizigo yao. Ndiyo maana katika safari za namna hii abiria hupandishwa kwenye mzani, mmoja mmoja, begi lake mkononi. Mama aliyejifunga vitenge viwili hupanda na vitenge vyake. Karani huandika namba kwenye karatasi, kisha anajumlisha, na jumla ikizidi kitu kinabaki chini: aghalabu ni mzigo, mara nyingine ni mtu. Si fedheha kwa yeyote. Mjini Kalemie ziwa liko zaidi ya mita 770 juu ya usawa wa bahari na kiwanja kiko juu zaidi kidogo. Hewa ya huko ni nyepesi kuliko ya Dar es Salaam, na ikipata joto la mchana inazidi kuwa nyepesi. Hewa nyepesi haibebi bawa vizuri, na injini nayo hupungukiwa nguvu. Ndege ile ile yenye mzigo ule ule inahitaji kukimbia mbali zaidi chini kabla haijanyanyuka. Mizigo mizito, kwa hiyo, husubiri ubaridi wa asubuhi.

Upande wa magharibi kuna jambo lililonishangaza nilipopima ramani. Kati ya Kalemie na Kabalo, kule kwenye mto Lualaba, mstari ulionyooka ni kilomita kama 259. Reli ya Kabalo hadi Kalemie, iliyokamilika mwaka 1915, ina kilomita 273. Reli inauzidi mstari huo kwa kilomita 14 tu! Ni nadra sana reli ya Afrika ya Kati kunyooka namna hiyo. Siri yake ni mto Lukuga, mlango pekee ambao maji ya Ziwa Tanganyika hutokea, unaotoka ziwani hapo hapo Kalemie na kuelekea Lualaba. Wajenzi waliufuata mto, na mto ulikuwa umekwisha kuitafuta njia fupi. Kwa kilomita basi treni na ndege ni karibu sawa. Kwa muda, kila aliyewahi kungoja treni stesheni anajua jibu lake.

Kinshasa iko mbali. Kutoka Kalemie hadi kiwanja cha N'Djili ni kilomita kama 1,540. Je, wajua kwamba ukiwa Kalemie, Bujumbura iko karibu nawe kuliko Kinshasa, na Kigali pia, na Kampala, Dodoma, Nairobi, Lusaka na hata Lilongwe? Dar es Salaam yenyewe, iliyoko kwenye Bahari ya Hindi, iko kilomita kama 1,100. Mtoto wa Kalemie yuko karibu zaidi na bahari ya Waswahili kuliko na mji mkuu wa nchi yake. Anayeshangaa kwa nini Kiswahili kimeota mizizi pale aiweke ramani mezani na kuivuta kamba.

Pamoja na hayo, mtu wa Kalemie anayetaka kufika Kigoma kwa njia ya ndege kubwa za ratiba lazima aende mbali ili afike karibu. Chukua mfano: Kalemie hadi Lubumbashi, kilomita 660. Lubumbashi hadi Dar es Salaam, hata kama ndege ingenyooka bila kutua mahali, kilomita 1,380 na zaidi. Dar es Salaam hadi Kigoma, karibu 1,080. Jumla ni zaidi ya kilomita 3,100, mara 26 ya umbali wenyewe, kwa miji miwili ya ziwa moja. Ndiyo maana wengi hawaulizi habari ya ndege. Huenda bandarini wakatafuta boti. Na boti lina hatari zake: Desemba 2014 meli ya Mutambala ilipinduka kwenye ziwa hili ikielekea Uvira, na watu zaidi ya 100 wakafa maji. Ninapoona dakika 35 zimeandikwa kando ya kilomita 119, huwakumbuka wao. Katika ukingo huu wa Kongo, ambako watu walikimbia vijiji vyao mwaka 2017 na wengi kupiga kambi Katanika yenyewe, kiwanja kidogo cha ndege ndiyo njia ya dawa, ya daktari na ya mgonjwa asiyeweza kungoja mawimbi yatulie.

Kuna kitu kingine kwenye tiketi ambacho watu hawakisomi: zile herufi tatu za kiwanja. Moba inaandikwa BDV. Utatafuta herufi hizo ndani ya jina Moba usizione. Zinatoka Baudouinville, jina ambalo Wabelgiji waliupa mji huo. Jina limeondolewa kwenye ramani na kwenye midomo ya watu, lakini begi linaloelekea Moba bado linaning'inizwa karatasi ya zamani. Kalemie zamani iliitwa Albertville, ila herufi zake ni FMI. Na hapa tazama vizuri: Kinshasa ni FIH, Kisangani ni FKI, Lubumbashi ni FBM. Zote zinaanza na F, na herufi mbili zinazofuata utazikuta, kwa mpangilio ule ule, ndani ya jina la Kiafrika la mji: kInsHasa, KIsangani, luBuMbashi, kaleMIe. Miji hii minne yote ilivuliwa jina la kikoloni. Kati ya mitano niliyoitaja, Moba pekee ndiyo iliyobaki na herufi za jina la kikoloni.

Nimeliweka la mwisho jambo ninalolipenda kuliko yote. Je, wajua kwamba anga ya kati ya Kalemie na Kigoma ni miongoni mwa njia za kwanza kabisa kurukwa na ndege katika Afrika ya Kati?

Ilikuwa 1916, wakati wa vita kuu ya kwanza. Kigoma ilikuwa ya Wajerumani, reli yao kutoka Dar es Salaam ikiwa imefika hapo mwaka 1914. Huko ndiko walikoiunga meli yao kubwa, Graf von Götzen, iliyotoka Ujerumani vipande vipande ndani ya masanduku. Wabelgiji walikuwa upande huu, Albertville, na meli hiyo iliwanyima usingizi. Waingereza wakawapa ndege nne aina ya Short 827. Zilikuwa ndege za mbao na kitambaa, zenye maboya badala ya magurudumu ili zitue majini. Nazo pia zilikuja zimefungwa, kwa meli hadi mdomo wa mto Kongo, kisha kwa reli na kwa mto, zikishushwa na kupakiwa tena na tena, hadi kwenye reli ile mpya ya Kabalo iliyokuwa na umri wa mwaka mmoja tu.

Zilipofika, ziwa likawakatalia. Mawimbi ya Tanganyika ni makali kwa maboya ya mbao. Ikabidi watafute maji matulivu, wakayapata kwenye ziwa dogo la Tungwe, kando ya ziwa kubwa, na hapo ndipo walipoweka kambi ya ndege. Mmoja wa marubani aliitwa Aimé Behaeghe, Mbelgiji aliyezaliwa 1890. Juni 1916 alivuka ziwa na kuishambulia Graf von Götzen kwa mabomu ikiwa bandarini Kigoma.

Fikiria safari hiyo kwa namba. Ndege ile ilikuwa na kasi ya juu ya kilomita 100 kwa saa, au chini ya hapo. Tukichukua umbali wetu wa kilomita 119, kwenda tu ni saa moja na zaidi ya dakika kumi, na kurudi vivyo hivyo. Mafuta yake yalitosha kama saa tatu na nusu. Ina maana alikuwa na akiba ya saa moja tu ya kupaa, kutafuta shabaha, kupambana na upepo, na kuuona tena ukingo wa nyumbani, amekaa wazi bila kioo cha kumkinga, chini yake ziwa ambalo kina chake, pale penye kina kuliko pote, hufika mita 1,470. Hakukuwa na mnara wa kumwongoza wala redio ya kumwita. Ule upepo wa kiangazi niliouhesabia Moba, Juni ndio wakati wake.

Behaeghe hakurudi kwao. Aliugua na kufa Desemba 1916 huko Niemba, stesheni ya reli kati ya Kalemie na Kabalo, akiwa na miaka 26.

Meli aliyoifuata haikuzama kwa mabomu yake. Mwishoni mwa Julai 1916, Wajerumani walipokuwa wanaihama Kigoma, waliizamisha wenyewe, lakini kwanza wakazipaka injini grisi nene zisiingiwe na kutu, wakitumaini kurudi kuichukua. Waliorudi kuichukua ni Waingereza. Waliiibua mwaka 1924, wakaikuta injini nzima, na mwaka 1927 wakaiingiza tena kazini kwa jina jipya: Liemba. Kwa miongo mingi baada ya hapo ilibeba abiria, mahindi na dagaa kutoka Kigoma hadi Mpulungu, Zambia, kwenye maji yale yale ambayo Behaeghe, kwa hesabu yetu, aliyavuka kwa saa moja na zaidi ya dakika kumi.